Mwulizeni Aliyelala Jikoni

Nikutegee kimoja kabla hujavuta kigoda. Ana tumbo kubwa na masikio mawili. Akishiba hasemi neno. Akiwa na njaa, mguse tu kwa ukucha, mtaa mzima utasikia. Nani huyo?

Usinipe mji, sina pa kuuweka. Ni sufuria. Unaiona kila siku, na bado ulikuwa unaangalia darini kama vile jibu limetundikwa huko. Basi kwetu kulikuwa na sufuria moja iliyolia kwa miaka ishirini na saba, na aliyeigusa ni mimi.

Harusi ninayokusimulia ni ya mjukuu wangu, mwalimu wa chekechea, mtoto wa pekee wa binti yangu. Binti yangu ni fundi cherehani. Mumewe ni fundi bomba, ila tangu alipoteleza kwenye ngazi mwaka uliotangulia, mguu wake una vyuma ndani na kazi anazifanya kwa mdomo: kaza hapo, legeza pale. Kazi ya mdomo haijazi kibaba. Kwa hiyo harusi nzima ilitoka kwenye tundu la sindano. Binti yangu alishona sare za shule, akashona mapazia, akashona mpaka vifuniko vya viti vya gari la jirani, na alichopata akakigeuza chakula. Kilo ishirini za mchele. Kilo kumi na mbili za nyama. Maharage, viazi nusu gunia, kabichi kumi, karoti, vitunguu, nyanya za kutosha mchuzi mwekundu. Nyama ilikuwa bado kwa mchinjaji, imeshalipiwa; vingine vyote vilikaa kwenye chumba cha kushonea, magunia yameegemea cherehani, na juu yake gauni la bibi harusi limening'inia kama mlinzi asiye na kichwa.

Wageni walikuwa mia na ishirini. Tulikuwa tumepiga hesabu, tukapumua.

Siku tatu kabla, simu ikaita. Alikuwa mkwe wetu, mama yake bwana harusi, mwanamke mchangamfu ambaye husema "kidogo" kwa kila kitu.

"Mwenzangu," akasema, "tumeongezeka kidogo."

"Kidogo kiasi gani?" binti yangu akauliza.

"Basi moja tu."

Binti yangu akaaga vizuri, akashukuru, akasema karibuni sana. Halafu akaketi juu ya gunia la mchele. "Mama, basi moja ni watu sitini."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Wahenga hawakuwahi kupigiwa simu ya basi zima.

Kwa mwingine ingekuwa aibu ya siku moja, watu wacheke, yaishe. Kwa binti yangu haikuwa hivyo. Kwenye harusi yake yeye mwenyewe, nyama ilikwisha kabla nusu ya wakwe hawajala. Waliobaki walipewa wali na maji ya nyanya. Kule alikoolewa walimwita "Wali Mkavu" mpaka binti yake alipojua kusoma, na wengine hawakuacha hata hapo. Mwanamke huyo alikuwa ameapa kwamba siku ya mwanawe hakuna mgeni atakayenyanyuka mezani na njaa, hata ikibidi auze cherehani. Nami nilimjua. Alikuwa ameshaanza kuiangalia cherehani kwa jicho la kuiaga.

Mpishi wa kukodi alikuwa ametaja malipo yake. Yalikuwa sawa na bei ya nyama yote. Mimi magoti yangu yalikuwa yamestaafu kabla yangu; sufuria ya watu kumi naipika, ya watu mia na themanini itanizika. Nikasema neno ambalo sikuwa nimelisema miaka yote hiyo.

"Mwite shangazi yako."

Mkasi ukasimama katikati ya kitambaa. "Shangazi yupi?"

"Kwani unao wangapi?"

"Yule aliyekula harusi yangu?"

Mjukuu wangu alikuwa kwenye mkeka, anamenya vitunguu saumu. Akainua kichwa.

"Mama," binti yangu akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini, ndiyo sauti mbaya kuliko zote alizonazo, "mimi maneno yale sikuyaokota njiani. Wewe ndiye uliyeyasema. Nilikuwa nimekaa na shela kichwani, nikakusikia. 'Mwulizeni aliyelala jikoni.' Leo unaniambia nimkabidhi na sufuria ya mwanangu? Haya niambie. Siku ile nyama ilikwenda wapi?"

Jibu nilikuwa nalo. Nikasema, "Maharage hayajachaguliwa haya," nikavuta ungo.

Wewe nitakuambia, maana sitaki nawe nikuzungushe.

Usiku wa kuamkia harusi ya binti yangu tulipika nyama mapema, kwa kuwa mafiga yalikuwa machache na asubuhi yangekuwa ya wali. Nyama hiyo mume wangu aliinunua kwa kuuza baiskeli yake. Wifi yangu, dada yake mume wangu, ndiye aliyepika. Ilikuwa kazi yake: mpishi wa harusi, anaitwa miezi mitatu kabla, na watu hupanga tarehe kwa kumwuliza yeye kwanza. Alipoipua akaniambia, "Wifi, usiifunike ikiwa moto. Iache ipumue. Mimi nitalala hapahapa, niilinde."

Katika maneno yote hayo mimi nikasikia moja tu: nitalala hapahapa. Nikajiambia, anayelinda nyama usiku kucha, na mkono wake nao unalala? Ndivyo umaskini unavyokufanya, unahesabu vidole vya kila anayekaribia sufuria. Yeye alipokwenda kunawa, nikaifunika. Nikafunga mfuniko kwa kitambaa changu cha kichwa, mafundo manne, fundo langu mwenyewe ambalo hakuna mwingine analijua. Aliporudi akaona, akasema, "Wifi, itachacha." Nikamjibu, "Nyama yetu ina miguu mingi." Akanitazama sana. Hakugusa.

Alfajiri akaenda bombani kuchota maji. Mimi nikaenda kwenye sufuria. Mafundo yalikuwa vilevile, manne, kama nilivyoyakaza. Nikayafungua. Ndani, povu. Harufu ikanipiga usoni.

Niliibeba ndoo tatu mpaka kwenye shimo la takataka nyuma ya nyumba, nikafukia kwa majivu. Nikasugua sufuria kwa mchanga mpaka ikang'aa. Wifi akarudi na maji kichwani, akaona sufuria kuu iko tupu, inameta. Akaniuliza, "Wifi, nyama ilikwenda wapi?" Nikaangalia chini, nikachukua ufagio. Ilikuwepo sufuria ya pili, ndogo, ya nyama iliyoletwa na kupikwa asubuhi hiyo, nikaomba itoshe. Haikutosha. Mchana mume wangu akaja mbio, shati limelowa, wakwe wamekaa na sahani za wali. "Nyama iko wapi?" Baiskeli yake, unaelewa? Nikamtazama usoni mtu aliyeuza baiskeli, nikashindwa. Nikasema maneno matatu. Unayajua.

Sikusema mwizi. Nimejifariji kwa hilo mara nyingi, kwamba mimi sikusema mwizi. Waliosema ni wengine. Ila ukishamwonyesha mbwa njia, huna haja ya kumwambia kimbia.

Hakuna harusi iliyomwita tena. Akaenda kupika uji na maharage kwenye kantini ya wafyatua matofali, na huko ndiko alikozeekea. Mume wangu alikwenda kazini kwa miguu miaka sita, wala hakumwita dada yake tena, hata alipougua. Siku tulipomzika, wifi alikaa nyuma kabisa, miongoni mwa majirani, dada wa damu. Nilimwona. Nilikuwa naweza kusema siku ile. Nikajiambia, msiba si mahali pake. Ukitaka kunyamaza, kila mahali si pake.

Basi. Turudi kwenye ungo wa maharage.

Mjukuu wangu akanawa mikono, akasimama. "Mimi namfuata."

"Unakwenda wapi wewe?" mama yake akauliza.

"Kwa bibi wa matofali. Harusi ni yangu. Nyama ikiibiwa, itakuwa imeibiwa ya kwangu."

"Mtoto huyu," binti yangu akaniambia mimi, kama vile nimemzaa mimi.

Wifi alikuja kesho yake asubuhi, na kisu chake kimefungwa kwenye kitambaa. Alikuwa amepungua. Mikono tu ndiyo iliyobaki vilevile, mikono ya mtu aliyesonga chakula cha mamia, imekakamaa kama kamba. Uani kulikuwa na wanawake sita wa jirani waliokuja kusaidia kumenya. Wote wakajua ni nani, na visu vikaanza kwenda polepole.

"Shikamoo, shangazi," binti yangu akasema, macho kwenye viazi.

"Marahaba, mwanangu." Akanigeukia. "Wifi."

"Wifi," nikasema.

Akazunguka, akatazama magunia, akanusa mchele, akabonyeza kabichi moja kwa kidole gumba. "Watu wangapi?"

"Mia na themanini," binti yangu akasema. "Chakula ni cha mia na ishirini."

"Kinatosha."

Binti yangu akacheka bila kutaka, kicheko cha mtu aliyechoka. "Kitatosha vipi, shangazi? Kwa dua?"

"Kwa bakuli. Nitakuonyesha. Sitaki malipo. Nina sharti moja na swali moja. Sharti: tangu moto unawashwa mpaka sahani ya mwisho inatoka, mtu akae mlangoni mwa jiko anione mikono. Awe wewe mwenyewe."

"Shangazi, si lazima—"

"Ni lazima. Mimi ndiye ninayetaka." Halafu akageuka taratibu, akasimama mbele yangu. "Swali ni la huyu. Nilimwuliza asubuhi moja, nikadhani ana haraka ya kufagia. Nimempa muda. Wifi, nyama ilikwenda wapi?"

Ukawa unasikia maganda yakianguka kwenye beseni. Binti yangu ananitazama. Mjukuu wangu ananitazama. Wanawake sita wanatazama viazi, lakini masikio yao, wee! Nikafungua mdomo. Nikaona mjukuu wangu na hina ya utani waliyomchora wenzake kwenye vidole, kesho kutwa anaolewa, na bibi yake yuko karibu kusema alilofanya. Nikafunga mdomo.

Wifi akafungua kitambaa cha kisu chake. "Haya," akasema. "Wageni hawana kosa. Ubao wa kukatia uko wapi?"

Siku ya harusi moto uliwashwa kukiwa kumepambazuka. Binti yangu aliketi kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, gauni la mwanawe mapajani, akishona lesi ya pindo iliyokuwa imebaki. Ndiye mlinzi, na mlinzi alikuwa na sindano. Mimi nilipewa karoti.

Wifi alianza na mifupa. Aliitenga yote na nyama, akaitupa kwenye maji na vitunguu na tangawizi, ikachemka asubuhi nzima. "Watakaoshuka kwenye basi wametoka mbali," akasema. "Ukimpa mwenye njaa wali, anakula kwa hasira. Mpe kwanza kikombe cha supu ya moto na kipande cha mkate, akae, apigwe na kivuli, amsalimie jirani yake. Wali ukifika anakula kama mtu."

Nyama aliikata vipande vidogo kuliko nilivyowahi kuona harusini, kama kete. Jirani mmoja mwenye mdomo akasema, "Mama, hizi ni za kuku kula?"

"Kipande kimoja kikubwa ni kipande kimoja," wifi akamjibu bila kuinua macho. "Vidogo vitano ni vitano. Jicho ndilo linaloanza kula, wewe hujui?"

Wakacheka, hata mlinzi. Nyama ikaenda na viazi kwenye mchuzi mzito mwekundu. Maharage aliyaunga kwa vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa rangi ya kahawia na vitamu, yakanukia kiasi kwamba mtu angeyachagua na kuiacha nyama. Yalipoiva hakuyafunika. Aliyamwaga kwenye masinia mapana, akayatandaza chini ya kivuli, akaweka chandarua juu kwa ajili ya nzi. Msichana mmoja akaja na mfuniko.

"Acha," wifi akamwambia. "Chakula cha moto usikizibe pumzi."

Hakunitazama aliposema hivyo. Ningependa angenitazama.

Kisha nikaona jambo ambalo mpaka leo likinijia naweka kijiko chini. Mchuzi ulipokaribia, wifi aliteka kidogo kwa upawa, akaupuliza, akaupeleka mlangoni. "Onja chumvi."

Binti yangu akaonja. "Bado kidogo."

Akaongeza, akakoroga, akarudi. "Onja."

"Hapo sawa." Halafu akashangaa. "Shangazi, mbona huonji mwenyewe?"

"Sharti ni sharti."

"Sharti la kuonja sikulisikia."

"Mdomo ukila kidogo, watu huona sufuria nzima." Akafuta upawa. Mpishi wa mamia, anapika harusi kwa ulimi wa mtu mwingine. Sindano ya binti yangu ilisimama kwenye lesi, haikutoka upande wa pili. Alikaa hivyo muda mrefu, anatazama mgongo wa shangazi yake.

Mimi nikatafuta pa kuingilia. Ujanani, mimi na wifi tulikuwa tukimenya pamoja tunategeana vitendawili mpaka mama mkwe anatufukuza kwa makelele. Nikasogea na beseni langu la karoti.

"Wifi, nikutegee?"

Hakuitikia. Nikatega hivyohivyo. "Nimempeleka mgeni sokoni, amerudi uchi."

Kila mtu anakijua kile, ni kitunguu, au mahindi, kutegemea ulikolelewa. Yeye alikuwa anapepeta mchele. Akapepeta mpaka mwisho.

"Nipe basi mji," nikasema, nikijaribu kucheka.

"Miji yangu yote nilishakupa, wifi," akasema. "Sina hata kitongoji."

Nikarudi mahali pangu na karoti zangu.

Basi lilifika saa sita, na mkwe wetu akashuka wa kwanza huku akiimba. Lilikuwa na watu sitini na nne na dereva. Binti yangu akafumba macho. Supu ikatoka, kikombe na mkate, na nikaona ni kweli: watu waliketi, mabega yakashuka, wazee wakaanza kuulizana habari za mvua. Watoto waliwekwa kwenye mikeka chini ya turubai na kulishwa mapema, sahani ndogo, ili wasije kuketi kwenye sehemu ya mtu mzima na kuacha nusu.

Ndipo wifi akalitoa lile bakuli. Bakuli la kawaida la bati. Alishindilia wali ndani, akaligeuza juu ya sahani, akagonga kitako, akalivua. Kwenye sahani pakabaki kilima, kimezunguka vizuri kama kofia. Pembeni maharage, pembeni kabichi na karoti zilizokatwa nyembamba kama nyuzi, na juu ya kilima upawa mmoja wa mchuzi, vipande vitano vya nyama, vikitiririka. Sahani ilionekana imebeba zaidi ya uwezo wake.

"Hakuna kujipakulia," akasema. "Na hakuna mkono mwingine kwenye upawa. Mikono miwili ina mioyo miwili."

Alipakua mwenyewe, amesimama, kwa saa mbili na nusu. Meza ya wakwe ilipata kilima kilekile na vipande vitano vilevile. Mume wa binti yangu, na mguu wake wa chuma, alikaa kwenye kiti nje ya jiko akipokea sahani na kuzipasia kwa vijana. "Kaza hapo! Nyoosha! Usimwage!" Alifurahi, alikuwa amepata kazi ya mdomo inayolipa.

Kila sahani iliyopita mlangoni, binti yangu aliifuata kwa macho mpaka ilipotua. Nilijua anachohesabu. Alikuwa anangoja pale patakapokatika. Meza ya mwisho chini ya turubai, kina mama wa basi, ilikuwa kama ile iliyopewa wali na maji ya nyanya siku yake. Sahani zikaenda. Kilima, kilima, kilima. Meza ya mwisho ikala. Dereva wa basi akala, akaomba tena, akapewa. Wakaja wawili wasiojulikana na upande wowote, wamevaa suti, wakapewa nao. Harusi bila wazamiaji ni mkutano.

Binti yangu akaweka kichwa chake kwenye fremu ya mlango. Hakulia. Mabega tu ndiyo yaliyokuwa yanakwenda.

Kwenye sufuria palibaki sahani kama mbili. Wifi akapakua moja, akaipeleka mlangoni, akaiweka kwenye mapaja ya binti yangu. "Kula. Hujala tangu jana."

"Na wewe?"

"Mimi nitakula kwangu."

"Shangazi, kula hapa. Nakuomba."

"Nitakula kwangu, mwanangu." Akaanza kuosha kisu.

Hapo ndipo mkwe wetu alipoingia uani, kilemba kimelegea kwa kucheza, na wanawake watatu wa kwao nyuma yake. "Yuko wapi? Yuko wapi aliyepika? Nimekula harusi za watu wenye magari mawili, sijakula hivi!" Akamwona wifi na kisu mkononi, akamshika mikono yote miwili, sabuni na yote. "Mama, ni wewe? Sikiliza. Mdogo wake huyu kijana wangu anaoa mwezi wa nane. Watu mia tatu. Sitaki mwingine. Nitakuja kukuona rasmi, nitakuja na posho ya mpishi kama inavyotakiwa. Tumeelewana?"

Nilimwona wifi usoni. Kwa muda mdogo sana, kama mtu aliyefungua dirisha na kulifunga, alikuwa yule wa zamani ambaye watu walipanga tarehe kwa kumwuliza. Jirani mwenye mdomo akamnong'oneza mwenzake kitu, na mwenzake akaziba mdomo kwa kiganja. Mkwe akawaona. Si mjinga, yule mwanamke.

"Kuna nini?" akauliza, bado anatabasamu.

Wifi akavuta mikono yake taratibu, akaipangusa. "Kabla hujanipa kazi, mama, ni haki yako kujua," akasema. "Leo usiku kwenye basi watakusimulia, afadhali uyasikie hapa. Nilipika harusi ya huyu binti. Nyama ikapotea, na mimi ndiye niliyelala jikoni. Tangu hapo sijapika harusi ila hii. Ukishasikia hilo, kama bado unanitaka, utanikuta kwenye matofali."

Tabasamu la mkwe likabaki mahali pake, lakini macho yakaondoka. Akamtazama binti yangu. "Ni kweli, mwenzangu?"

Binti yangu alikuwa na sahani mapajani, kijiko hajakitia mdomoni. Angeweza kusema ndiyo, ndivyo alivyokuwa ameamini maisha yake yote ya ndoa. Hakusema. Aligeuka, akanitafuta kati ya wanawake mpaka akanipata nyuma ya beseni la vyombo, na akaniuliza tena, mbele ya wakwe zake, mbele ya mwanawe aliyekuwa amekuja mlangoni na gauni lake jeupe kutuita kwenye keki.

"Mama. Nyama ilikwenda wapi?"

Nilisimama. Sikumtazama binti yangu, wala mkwe. Nilimtazama aliyeuliza kwanza.

"Shimoni, wifi," nikasema. "Shimo la takataka, nyuma ya nyumba. Ilichacha kwa sababu niliifunga. Mafundo yangu niliyakuta kama nilivyoyaacha, hukuyagusa hata moja, na nilijua hukuyagusa. Ndoo tatu. Nilizibeba mimi."